Uliza Bwana Mifugo: Bundi wa barabarani, kinda la mwarobaini na kunguru wa Mombasa

Serikali iliniajiri kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na kuku. Lakini ukishaonekana mtaani na mkoba wa dawa, watu hawaulizi mwajiri alikutuma nini. Wanakuletea kila chenye mabawa. Sasa nimestaafu na bado wananiletea, safari hii kwa barua. Mwezi huu karibu zote ni za ndege pori walioumia, basi kuku watatusamehe.

*

*Shikamoo Bwana Mifugo. Mimi ni fundi baiskeli hapa Muheza. Jana alfajiri nimemkuta bundi kando ya barabara kuu iendayo Tanga, nadhani kagongwa na lori. Uso wake ni mweupe, una umbo la kopa. Bawa la kushoto linaning'inia. Nimemweka kwenye tenga la kuku barazani, nimempa maji kwa bomba la sindano, akapaliwa kidogo. Nyama ya ng'ombe hataki. Ametulia sana, hata watoto wanampapasa kichwa. Mzee jirani anasema nimtupe kabla hajatuletea msiba. Je, bawa litaunga? Ale nini? Na akipona, naweza kubaki naye anikamatie panya dukani?*
*Fundi baiskeli, Muheza*

Marahaba, fundi. Huyu nilimpigia simu siku ileile, maana bundi hangoji toleo lijalo. Niliyomwambia ni haya, na nimeongeza machache kwa ajili yenu wengine.

Kilichonitia hofu zaidi ya bawa ni huko kutulia. Ndege pori huficha maumivu, kwa sababu porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa kwanza. Akishikwa na kiumbe kikubwa kuliko yeye, huganda: macho nusu, mwili umelegea, hapigani. Watu husema, "Kanizoea." Hajakuzoea, anangoja umle. Moyo wake saa hiyo unakwenda mbio ajabu, na ndege aliyekwisha kupoteza damu anaweza kufia mikononi mwa watoto wanaompapasa kwa mapenzi. Katika miaka yangu yote, ndege niliowaona wakifa kwa huruma ya waliowaokota ni wengi kuliko waliokufa kwa jeraha walilookotwa nalo.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni boksi. Tafuta boksi gumu la karatasi, la sabuni au la mafuta ya kula, ndege aweze kusimama na kugeuka lakini asipate nafasi ya kupiga mabawa. Toboa matundu ya hewa upande wa chini kabla hujamtia ndani. Nimewahi kumwona mtu akitoboa kwa bisibisi na ndege yumo. Tandika khanga kuukuu. Taulo lenye vitanzi vya nyuzi hunasa kucha. Funika, weka chumbani pasipo na redio, paka wala watoto, kisha ondoka. Usirudi kila baada ya dakika tano kuchungulia. Giza na ukimya ndiyo dawa pekee uliyo nayo nyumbani, na haina bei.

Tenga halifai. Anamwona kila apitaye, na manyoya ya mabawa na mkia yanakatika kwenye fito. Unyoya uliokatika hauoti wiki ijayo. Ndege lazima angoje shina la zamani lidondoke kwa wakati wake, na kwa bundi hilo linaweza kuchukua zaidi ya mwaka. Tena bundi ana hasara ya ziada. Unyoya wake wa mbele kabisa una meno madogo kama ya kitana, yanayokata upepo ili aruke bila sauti. Meno hayo yakiharibika, panya atamsikia kabla hajafika.

Kuhusu joto, maelekezo mengi yameandikwa na watu wa nchi za baridi, nao husisitiza chupa ya maji ya moto. Ukiwa Lushoto usiku, sawa: izungushie kitambaa na uiweke kona moja tu ya boksi, ili akizidiwa asogee. Muheza mchana wa jua kali, ukifanya hivyo utamchemsha. Na usishtuke ukimshika ukadhani ana homa. Joto la kawaida la ndege ni nyuzi 40 hadi 42.

Sasa lile bomba la sindano. Fungua mdomo wa kuku ukichinja uangalie: nyuma kidogo ya ulimi kuna tundu dogo linalofunguka na kujifunga. Hiyo ndiyo njia ya pumzi, ipo hapohapo sakafuni mwa mdomo. Ukisukuma maji kwa bomba, yanaingia humo. Huko "kupaliwa kidogo" ni maji yaliyoelekea mapafuni. Bundi hupata maji yake kutoka kwa windo, mwache.

Kumshika kwenyewe: mrushie khanga afunikwe kichwa na mabawa, halafu tafuta miguu kabla ya kitu kingine chochote. Watu huogopa mdomo wa bundi, lakini silaha yake ni kucha. Akikushika mkono hakuachii. Glavu za fundi welda zinafaa. Ukimbeba, usimbane kifua. Ndege hana ule msuli wa chini ya mapafu tulio nao sisi wa kuvutia hewa. Kidari chake chote lazima kipande na kushuka. Ukikikumbatia kwa nguvu, unamziba pumzi huku mdomo na pua viko wazi.

Bawa. Mfupa wa ndege huunga haraka kuliko wa ng'ombe, wiki tatu hivi zinatosha. Ubaya ni kwamba huunga haraka hata ukiwa umepinda, ndiyo maana siku mbili tatu za mwanzo zina thamani kubwa. Asikudanganye mtu kufunga vijiti kama vya mguu wa mbuzi. Daktari hulikunja bawa lilivyo kawaida, akalifunga juu ya mwili kwa bendeji laini, kifua kikiachiwa nafasi, na baada ya muda mfupi hulifungua na kulinyoosha taratibu, kwa sababu ngozi ile ya mbele ya bawa ikikaa imekunjwa muda mrefu inasinyaa na ndege hanyooshi tena. Ukiona jeraha limefunguka kwenye mfupa unaoanzia begani, usimimine maji wala spiriti. Mfupa ule ndani una hewa, na hewa hiyo imeunganika na mfumo wa kupumua. Funika kwa kitambaa safi, uende.

Niseme na lingine ambalo halipendezi. Mfupa ukivunjika kwenye kiungo chenyewe, au ukichomoza nje mpaka ukakauka na kuwa mweusi, huyo haruki tena. Daktari akikushauri amchome sindano ya kumaliza mateso, usimwone katili. Bundi asiyeweza kuwinda, ukimwachia, atakufa kwa njaa mahali usipomwona.

Dawa za binadamu, hapana. Mjue kisa cha tumbusi wa India na Pakistani. Kuanzia miaka ya 1990 walikufa mpaka aina tatu zikapungua kwa zaidi ya asilimia 90, na mwaka 2004 watafiti wakaonyesha sababu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi alikula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa, figo zikafa. Kama kilichobaki kwenye mzoga kiliua ndege wa kilo tano, kidonge kizima kwa bundi asiyefika nusu kilo kitafanya nini? Na ile sindano ya njano ya ng'ombe iliyobaki kwenye friji, iache ilipo.

Chakula kinaweza kungoja. Siku ya kwanza asipokula si tatizo, apate kwanza utulivu. Baadaye mpe panya mzima, na manyoya yake na mifupa yake. Nyama ya ng'ombe tupu haina kalisi ya kutosha. Ukimlisha hiyo kwa wiki kadhaa, utaunga mfupa mmoja huku unadhoofisha iliyobaki. Panya watatu au wanne wadogo kwa usiku mmoja wanamtosha bundi wa aina hii. Ukikuta asubuhi kidonge cheusi cha manyoya na mifupa alichokitapika, furahi, maana tumbo linafanya kazi. Panya wa mtego wa kubana ni sawa. Panya wa sumu, kamwe. Sumu nyingi za dukani humfanya panya avuje damu ndani kwa siku kadhaa huku akitembea kwa kuzubaa, na bundi hukamata hasa huyo aliyezubaa.

Mzee jirani usimbishie, ni mzee wako. Mkaribishe kahawa, mwambie bundi huyu hufuata panya, na kando ya barabara ile malori humwaga mahindi, mahindi huita panya. Nyumba yenye mgonjwa hukesha taa zikiwaka. Wadudu wanajaa, wala-wadudu wanajaa, bundi naye anapita. Watu waliona vitu hivyo viwili pamoja vizazi na vizazi, nao hawakuwa wajinga kuviona. Mimi naona tu wamempa lawama asiyehusika. Kama mzee ana ghala la mahindi, muulize hasara ya panya kwa mwaka, kisha nyamaza.

Na kuhusu kubaki naye dukani: hapana, fundi. Ndege pori analindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kumfuga bila kibali ni kosa. Toa taarifa ofisi ya wanyamapori ya wilaya siku hiyohiyo, uombe daktari wa mifugo wa halmashauri amtazame. Kwa walio karibu na Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine kina wataalamu na hospitali ya wanyama. Mweke mbali na kuku wako pia. Kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, hakichagui, na unaweza kukibeba kwa mikono na viatu vyako kutoka boksi hadi bandani.

Kabla hatujaenda mitamboni fundi aliandika tena. Bawa lilikuwa limevunjika katikati ya mfupa, mbali na kiungo, bahati njema. Daktari alilifunga, na kwa ruhusa ya ofisi bundi akakaa stoo ya shule iliyo tupu. Sasa anaruka kutoka boriti hadi boriti. Anauliza amwachie lini.

Si sasa, fundi. Kuruka ndani ya stoo si kuwinda. Mwangalie akikata kona kushoto na kulia sawasawa. Akipendelea upande mmoja, bado. Msikilize: ukisikia mabawa, bado. Papasa kidari: mfupa wa katikati ukichoma kidole, hana nyama ya kutosha kuvumilia siku za mwanzo. Jicho moja likiwa limeharibika kwa kugongwa, usikate tamaa mapema, kwa sababu bundi mwenye uso wa kopa huwinda kwa masikio hata kwenye giza totoro. Sikio moja limekaa juu kuliko jingine, hivyo anajua windo liko wapi bila kuliona. Ofisi na daktari wakiridhika, mfungulieni magharibi, jua likishazama, si mbali na alipookotwa ila mbali na lami. Msichague siku ya mvua. Manyoya yake hayazuii maji vizuri, akilowa hawindi. Fungua boksi, rudi nyuma. Akikaa mle nusu saa bila kutoka, mwache akae.

*

*Bwana Mifugo, habari za kazi. Kinda limeanguka chini ya mwarobaini wetu. Lina manyoya lakini mkia mfupi, linarukaruka tu. Wanangu wanalilisha ugali laini na maziwa kwa kijiti. Jirani anasema tumeshaligusa, mama yake hatalitaka tena kwa sababu ya harufu. Tufanyeje?*
*Mama wa watatu, Tabata*

Mama, kinda wako si mgonjwa. Yuko shuleni. Ndege wadogo wengi, shore na wenzake, hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka vizuri. Hukaa chini na vichakani siku kadhaa huku wazazi wakiwaletea wadudu. Ukisimama mbali dirishani, utamwona mama yake akija na panzi mdomoni, kisha akiwaona wanao anageuka.

Harufu ya mikono si kitu. Ndege wa namna hii hanusi kiasi cha kumkataa mtoto wake kwa sababu hiyo. Mrudisheni leo hii chini ya mti uleule, kwenye kichaka au tawi la chini, paka afungiwe ndani. Angekuwa hana manyoya, macho yamefumba, ningesema tafuteni kiota mumrudishe. Na kiota kikiwa kimeanguka, fungeni kikapu kidogo chenye matundu chini kwenye mti huohuo. Wazazi wengi hukikubali.

Maziwa acheni. Ndege hana kimeng'enya cha kuyasaga, atahara mpaka akauke. Ugali humjaza tumbo bila kumjenga, naye katika umri huu anahitaji wadudu kila nusu saa hivi tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Kazi hiyo mama ndege anaiweza kuliko darasa zima la watoto. Na kinda aliyelelewa na watu tangu mdogo hukua akidhani yeye ni mtu: hajui wenzake, hamwogopi paka, akikua anamfuata kila mpita njia.

Kuna hali moja ambayo simrudishi. Paka akishamng'ata, hata kama huoni zaidi ya tundu la sindano, mpelekeni kwa daktari kabla jua halijazama. Mdomo wa paka una bakteria wanaomuua ndege kwa siku moja mbili, na kinga yake ni antibiotiki, si kufuta jeraha kwa maji ya chumvi.

*

*Shikamoo mwalimu wetu. Mie nasomesha Mombasa. Wanafunzi wamempiga kunguru kwa manati, mguu umevunjika. Nimewagombeza, lakini mmoja kanijibu kwamba serikali yenyewe yataka kuwaua kunguru. Nimekosa la kusema. Nimtibu au nisimtibu?*
*Mwalimu, Mombasa*

Marahaba, mwalimu. Mwanafunzi wako ana hoja, na adhabu ya manati yabaki palepale.

Kwanza mtazame kunguru mwenyewe. Akiwa na kifua cheupe, huyo ni mwenyeji wa Afrika, mtibu utakavyomtibu bundi. Akiwa na shingo ya kijivu, asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji, akavuka bahari, na leo ameenea pwani nzima. Anakula mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya watu pia. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja.

Mimi nisingemtibu huyo wa kijivu ili nimwachie tena mtini juu ya kiota cha chozi. Ila nisingemwacha pia aburute mguu uwanjani watoto wakicheka. Mfunike, mtie kwenye boksi, mpeleke kwa daktari wa mifugo ammalize kwa sindano. Kupunguza ndege waharibifu ni kazi ya watu waliopewa kazi hiyo, wakijua wanachofanya. Mtoto mwenye manati hachagui shingo ya kijivu. Kesho atampiga tetere, kesho kutwa mdiria.

*

Kwa kifupi

*Mvuvi, Naivasha:* Furukombe aliyenaswa na ndoano, usivute uzi hata kama ndoano inaonekana. Kata uzi ukiacha kipande kirefu cha kushikia, mfunike kichwa atulie, upige simu KWS. Naivasha mna bahati, kituo cha kutibu ndege mbuai kipo hukohuko kwenu. Na uzi uliokatika usiuache ziwani, nyote mnajua unachofanya.

*Mhudumu wa hoteli, Bagamoyo:* Ndege aliyejigonga kwenye kioo akaanguka, mtie kwenye boksi lenye giza saa moja au mbili. Usimrushe juu kumjaribu. Peleka boksi nje, fungua, akiondoka, basi. Kama hajaondoka au kichwa kimepinda, ni wa daktari. Kisha bandikeni michirizi nje ya kioo, kila baada ya sentimita tano hivi. Sanamu moja ya mwewe haisaidii, wanaipita pembeni.

*Mwanafunzi, Iringa:* Huyo mweusi mwenye mabawa marefu aliyelala chini bila jeraha ni teleka. Miguu yake ni mifupi mno, akianguka pasipo na upenyo hupata taabu kuondoka. Mweke kwenye kiganja kilichonyooka, mahali pa wazi, mkono ukiwa juu ya kichwa chako, umngoje aamue mwenyewe.

*Mwenye duka, Ilala:* Gundi ya panya imenasa chiriku. Nyunyiza unga au majivu kwenye gundi iliyobaki wazi asizidi kunasa, paka mafuta ya kula kidogo kidogo kwa kidole unyoya mmoja mmoja, usivute. Akishatoka bado hawezi kuruka kwa mafuta hayo, lazima aoshwe kwa sabuni ya vyombo na maji vuguvugu, na kazi hiyo mwachie daktari, kwa sababu wengi hufa kwa baridi beseni likiwa bado mkononi. Halafu hizo karatasi za gundi zitoe nje ya duka. Mitego ya kubana inauzwa mtaa wa pili.